Kahawa ya msimu wa mvua bila kukesha: hesabu yangu ya vijiko

Dada, umeuliza jambo lililonitesa misimu miwili mizima, basi nivumilie nikijibu kwa urefu. Umesema uko Goma, mvua zikianza unapenda kahawa ya maziwa yenye tangawizi na iliki, vikombe vinne mpaka vitano kwa siku, na sasa usiku unalala macho huku moyo unadunda. Ndugu aliyenitangulia amekujibu "acha kahawa, kunywa maji ya moto." Hilo ni jibu la mtu ambaye hajawahi kuipenda. Mimi nimepunguza, sijaacha, na sina mpango wa kuacha.

Niko Bukavu, nafanya kazi kwenye chumba cha kuonja kahawa. Kahawa ikishuka kutoka Kalehe, Kabare na kisiwani Idjwi, hukuhuku Kivu Kusini, sampuli zinapita kwetu. Tunapima gramu nane na robo za unga kwenye bakuli, tunamwaga mililita 150 za maji yaliyotulia kidogo baada ya kuchemka, tunangoja dakika nne. Juu inaganda tabaka kama ukoko wa sufuria. Unainama mpaka pua ikaribie kugusa bakuli, unausukuma ule ukoko kwa mgongo wa kijiko, na mvuke unakupanda wote usoni: siku nyingine harufu ya ndimu, siku nyingine ya sukari iliyoungua. Kisha unafyonza kwa kelele ambazo mama yangu angenipiga kofi kwa ajili yake, unaizungusha mdomoni, unatema kwenye kopo.

Kutema ndiyo sheria ya kazi. Sasa siri yangu: zile nzuri nilikuwa nameza. Kati ya Machi na Juni, mavuno yakipamba moto, asubuhi moja inaweza kuwa na bakuli thelathini mezani, na kahawa ya Kivu nzuri si haba. Mavuno yakiisha, mwili umeshazoea. Septemba mvua inaanza kupiga mabati, barabara ya kuelekea Panzi inageuka tope, na mimi nyumbani nina kopo langu la bati la karibu nusu lita: maziwa, tangawizi, mdalasini, na vijiko vinne vya kahawa. Asubuhi, mchana, na jioni nikitoka kazini.

Moyo ulipoanza kuruka nikaenda kupima. Walinipima moyo kwa mashine, hawakuona ubaya. Wewe pia nenda upimwe kabla ya kunisikiliza mimi, maana moyo kudunda una sababu nyingi na kahawa ni moja tu. Muuguzi akaniuliza nakunywa kiasi gani. Nilipomwambia alicheka: "Mama, ni weye unakunywa kahawa ao ni kahawa njo inakunywa weye?"

Nikarudi nyumbani nikapiga hesabu, na nashangaa nilikuwa sijaipiga siku zote wakati mizani ninayo kazini. Kijiko cha mezani cha kahawa ya unga, bila kukirundika, ni kama gramu tano. Arabika, ambayo ndiyo ya milima yetu, ina kafeini kama asilimia 1.2 ya uzito wake. Kwa hiyo kijiko kimoja ni miligramu 60 hivi, na ukiichemsha sehemu kubwa inatoka majini. Kopo langu la vijiko vinne lilikuwa na 240. Makopo matatu, 720. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliandika mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asizidishe 400 kwa siku, wala 200 kwa mpigo mmoja. Mjamzito asivuke 200 kwa siku nzima. Yaani kila nilipoinua lile kopo nilikuwa nimeshavuka kiwango cha mpigo mmoja.

Vijiko sita kwa siku, basi. Hiyo ndiyo dari ya mtu mzima mwenye afya. Ila angalia unga wako. Robusta, ile ya misitu ya joto kule mikoa ya Tshopo na Ekwateri, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, na kahawa nyingi za kopo za kuyeyusha, na mchanganyiko wa bei rahisi, zina robusta ndani. Kama pakiti haisemi, ihesabu kama robusta. Rangi isikudanganye: kuna mzee kazini kwetu anaamini kahawa iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi ti ndiyo inayokesha watu. Inachoongeza ni uchungu. Kafeini haibadiliki kwa maana. Na maziwa hayapunguzi kafeini hata chembe, yanachukua nafasi kwenye kikombe tu. Nasema hili kwa sababu wewe umeandika "lakini ni ya maziwa" kana kwamba ni utetezi. Chai nayo ina yake, pungufu ya kahawa lakini ipo, usije ukahamia chai vikombe saba ukadhani umeokoka.

Jambo la pili ni saa. Kafeini hupungua nusu mwilini kwa muda wa kama saa tano, wengine haraka zaidi, wengine polepole. Chukua kopo langu la saa kumi na moja jioni: miligramu 240. Saa nne usiku, nikiwa natandika kitanda, bado 120, vijiko viwili vizima. Saa tisa usiku bado 60. Ndiyo maana nilikuwa nasikiliza mbwa wa mtaa wa Nyawera wakibweka mpaka adhana. Na hapa nazungumza na wanawake: mimba huongeza sana muda huo, na vidonge vya uzazi wa mpango huweza kuufanya mara mbili. Mimi nilikuwa navitumia na hakuna aliyeniambia. Wifi yangu, anayenywa kiasi kilekile na kulala kama gogo, alikuwa ananiona mdekaji.

Nikaamua kuacha ghafla, Jumatatu. Usifanye hivyo. Jumanne adhuhuri kichwa kilipasuka, nikawa mkali kwa watoto, nikalala na kanga imefungwa kwenye paji la uso. Jumatano nikanunua vidonge vya kichwa, nikameza viwili, na ndani ya saa moja nilikuwa mtu. Nikasema dawa hii kiboko. Kuja kusoma karatasi yake: kila kidonge kina kafeini miligramu 65. Nilikuwa nimemeza vijiko viwili vya kahawa kwa bei ya dawa! Basi nikashuka ngazi kwa ngazi, kijiko kimoja kila siku nne au tano, na kichwa hakikuuma tena.

Lakini swali lako hasa lilikuwa la raha: utafanyaje ili mvua isikupite bila kile kikombe? Dada yangu mdogo anaishi Montréal. Kila vuli ananitumia picha ya Pumpkin Spice Latte ya Starbucks, kile kinywaji cha boga kilichoanza mwaka 2003. Nilimuuliza kina ladha gani ya boga; akacheka, akaniambia kwa miaka kumi na miwili ya mwanzo hakikuwa na boga hata tone, boga liliingizwa 2015. Watu walikuwa wanapanga foleni kwa ajili ya mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu. Hapo ndipo akili ilinifunguka. Kile nilichokuwa natamani saa kumi na moja jioni, mabati yanalia, ni harufu ya viungo, maziwa ya moto na kitu cheusi chenye uchungu kidogo chini yake. Hicho cheusi si lazima kiwe kahawa.

Siku hizi asubuhi nakunywa kahawa kweli, vijiko viwili, kikombe kidogo, bila viungo, nikiwa nimekaa. Hiyo naiheshimu. Saa nne nikiwa na hamu naongeza kikombe cha nusu kwa nusu: kijiko kimoja cha kahawa, kimoja cha shikore, ile mizizi iliyokaangwa ambayo Wabelgiji walituzoesha. Haina kafeini. Ina utamu wa sukari iliyoungua na ukizidisha inakuwa kama dawa ya minyoo, kwa hiyo kijiko kimoja tu. Baada ya saa sita mchana kahawa hainiingii mdomoni, na kazini natema zote, hata zile zinazoniliza.

Jioni ni zamu ya soya. Nanunua soya kavu soko la Kadutu, nachagua mawe, naziosha, naziacha zikauke kabisa. Kikaango kikavu, makaa machache, na mkono usiache kugeuza. Dakika za mwanzo zinanuka maharagwe mabichi na utataka kukata tamaa. Kisha zinaanza kupasuka, tik tik, maganda yanaruka, harufu inageuka karanga, halafu mkate ulioungua pembeni. Zikifika rangi ya kahawia iliyoiva, ng'oa motoni hapohapo zimwage kwenye ungo, kwa sababu zinaendelea kuiva zenyewe. Mara ya kwanza nilijibu simu, zilikuwa makaa. Ukisaga, zinakaa wiki mbili tatu kwenye chupa iliyofungwa.

Kupika: ponda kidole cha tangawizi, iliki tatu, kipande cha mdalasini, chemsha kwenye kikombe kimoja cha maji mpaka jiko lote linuke, dakika kumi hivi. Tia vijiko viwili vya soya na kile kijiko cha shikore, chemsha tatu nyingine, chuja kwa kitambaa kwa sababu soya ina mashapo, kisha ongeza kikombe cha maziwa. Chumvi kwenye ncha ya kisu, usiniulize kwa nini, jaribu. Sukari punguza, viungo vikikolea havihitaji nyingi.

Ile kahawa iliyoondolewa kafeini ipo kwenye maduka makubwa, inatoka nje, na bei yake inauma. Nayo si sifuri, kikombe hubaki na miligramu chache, ila hazikeshi mtu. Mimi sijaipenda, ina ladha ya karatasi iliyolowa, na kununua kahawa ya ng'ambo nikiwa nimekalia magunia ya Kalehe naona aibu.

Kiangazi nako, Julai vumbi limetanda, nachemsha maganda ya nanasi la Idjwi na tangawizi, yanapoa, asubuhi nayamwagia juu ya kijiko kimoja cha kahawa iliyochemshwa kwa maji kidogo. Kwanza utakunja uso.

Umesema mume wako anadai soya ni chakula cha kuku. Wangu alisema hivyohivyo. Juzi nilichelewa kurudi kwa ajili ya mvua, nikamkuta amesimama juu ya jiko na ile chupa mkononi, ananiuliza tunaweka vijiko vingapi.