Viazisukari, au miwa ya Kiliba?
Yaya, umeuliza kwa nini leta (serikali) isitusaidie kulima viazisukari, mizizi inayokamuliwa sukari, kama Ufaransa. Kule mtawala wao Napoléon aliamuru vilimwe mwaka 1811, sukari ya miwa ya visiwa vya Karibi ilipozuiwa na vita. Baadaye Ulaya ikawalinda wakulima kwa bei na viwango vya uzalishaji, tangu 1968 hadi 2017. Ni pesa nyingi hizo! Sisi wa Bukavu, huku Kongo mashariki, tuna miwa. Kiwanda cha Kiliba, karibu na Uvira, kilisimama 1996 kwa sababu ya vita. Msaada ningeuanzishia huko: umeme, barabara, mkulima alipwe mapema. Viazisukari (sawa, vinapenda baridi, na Walungu, milimani kwetu, ipo) vikishavunwa vinapoteza sukari kila siku vikingoja kiwanda, na barabara zetu unazijua mwenyewe.