Nikimuuguza jirani napata raha moyoni: je, ujira wangu umepotea?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Niko Tanga. Jirani yangu ni bibi aliyepooza upande mmoja, watoto wake wako mbali. Kila asubuhi nampelekea uji, namwosha miguu, namfulia. Mama yangu alifia mbali nami, sikuwahi kumuuguza, na nikimwosha bibi huyu namkumbuka yeye. Nikirudi nyumbani moyo unakuwa mweupe. Sasa ustadhi mmoja kasema darsani: anayeona raha akisaidia watu anaihudumia nafsi yake tu, ujira wake keshaula hapa hapa duniani. Siku tatu sijaenda, namtuma mwanangu. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu. Swali lako limenikosesha usingizi, hasa hizo siku tatu. Mgonjwa amekosa mikono aliyoizoea, na kilichomkosesha ni mawaidha.

Nadhani najua ustadhi kayatoa wapi. Katika Sahihi Muslim, kitabu cha hadithi za Mtume, Sahaba Abu Hurayra amepokea habari ya watu watatu wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni tajiri aliyetoa mali. Ataambiwa: umesema uwongo, ulitoa ili uitwe karimu, na ulishaitwa. Hadithi hiyo inatisha, na ni haki itutishe. Lakini huyo kashikwa kwa alichokikusudia. Sifa ndiyo iliyomtoa nyumbani. Wewe raha inakukuta ukiwa njiani unarudi, bakuli tupu mkononi. Anayeyachanganya haya mawili anawafungia watu mlango wa kheri, naye anadhani anaulinda.

Mtume (s.a.w.) alipowaambia Masahaba kwamba hata mtu kumwendea mkewe ni sadaka, walishangaa: mtu atimize matamanio yake, kisha alipwe? Akawauliza, je, angeyatimiza katika haramu, si angepata dhambi? Basi na katika halali ana ujira. Ustadhi atuambie, ni wapi hapo raha ilipofuta malipo? Tena Abu Dharr alisimulia kwamba Mtume aliulizwa kuhusu mtu anayefanya jema watu wakamsifu. Hizo ni sifa za watu, zinasikika kwa masikio, nzito kuliko hiyo furaha yako ya kimya. Akasema: hiyo ni bishara ya Muumini iliyotangulizwa. Zote mbili zimo katika Sahihi Muslim. Na katika Tirmidhi imekuja kwamba ambaye jema lake humfurahisha na baya lake humsikitisha, huyo ndiye Muumini. Moyo usiofurahia kheri ndio wa kuuogopa.

Kuhusu mama yako, naona hapo ndipo penye kidonda. Unahisi unamwendea bibi kwa uchungu wako mwenyewe, si kwa ajili ya Mungu. Mkumbuke yule mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akateremka kisimani akanywa. Alipotoka akamkuta mbwa anahema, analamba udongo mbichi. Akasema: mbwa huyu amefikwa na kiu kama iliyonifika mimi. Akateremka tena, akajaza maji khufu yake, kiatu chake cha ngozi, akaishika kwa meno, akapanda, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamshukuru na kumsamehe. Hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Kilichomrudisha kisimani ni kiu yake aliyoikumbuka. Kila ninapoisoma nasimama hapo. Huruma huingia kwa mlango wa maumivu tuliyoyajua, na Mwenyezi Mungu ndiye aliyeiweka.

Riya, yaani kutenda jema ili watu wakuone, ipo, sikatai. Ukijiona unangoja mpita njia ndipo uanike nguo za bibi, au unampiga picha uwatumie watu, hapo jirudi. Lakini hata hapo dawa si kuacha. Fudhayl bin Iyadh, mchamungu wa zamani, alisema kuacha amali kwa ajili ya watu nako ni riya.

Kwa hiyo kesho nenda mwenyewe. Mtoto mchukue, akushikie beseni, ajifunze. Mwombe bibi radhi kwa siku tatu, bila kumweleza habari za darsa. Na jambo moja zaidi: Sahaba Sa'd bin Ubada alifiwa na mama yake akiwa hayupo, kama wewe. Akamuuliza Mtume kama itamfaa akimtolea sadaka. Akaambiwa ndiyo, naye akaitoa bustani yake kwa ajili ya mama. Imo katika Bukhari. Basi huo uji, unapouchota kutoka sufuriani, nuia thawabu zake zimfikie mama yako.