Mguu umevimba baada ya kupunguzwa tumbo: ni adhabu? Na sindano inayotokana na nguruwe?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisumu. Siku kumi na mbili zilizopita nilifanyiwa upasuaji Nairobi, nikanyonywa mafuta na kukatwa ngozi ya tumbo iliyolegea. Sikuwa mgonjwa, nilitaka tu tumbo lirudi kama zamani. Siku ya tano nikarudi nyumbani kwa basi. Tangu juzi kigimbi cha mguu wa kushoto kinauma, kimekaza, kina joto, na soksi inaacha alama mguu huo tu. Jirani amenichua kwa mafuta ya habasoda, mwingine anasema niumikwe, yaani nipigwe hijama. Mume wangu yuko Doha, hajui lolote. Hospitalini naona haya, na moyo unaniambia hii ni adhabu ya kubadilisha maumbile ya Allah. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullah.

Swali hili lilinifikia baada ya Alasiri na sikulijibu kwa maandishi. Nilipiga simu. Nilimwambia: dada yangu, fatwa itangoja, mguu haungoji. Vaa buibui, mwite mtu akupeleke Russia, hospitali ya rufaa ya Kisumu, sasa hivi, na ukifika mlangoni useme mambo matatu: nimepasuliwa, nimesafiri kwa basi, mguu mmoja umevimba. Usimwache mtu akuchue tena. Hapa naandika kwa idhini yake, bila jina, kwa sababu najua si yeye peke yake.

Mimi si daktari, kwa hiyo nilimuuliza anayejua. Damu hupenda kuganda inapotembea polepole, na mtu aliyepasuliwa hulala sana. Isitoshe, kisu kikishapita, mwili wenyewe huongeza nguvu ya kugandisha damu ili kidonda kisivuje, na hali hiyo hudumu wiki kadhaa. Juu ya hayo weka mwendo wa saa saba au zaidi kutoka Nairobi, magoti yamekunjwa. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni huongeza hatari, basi kama unavitumia mwambie daktari usimfiche. Donge la damu likikaa kwenye mshipa wa ndani wa mguu, mguu huvimba. Likikatika, hupanda na damu hadi mapafuni, na hapo mtu hubanwa pumzi ghafla, huchomwa kifuani, hukohoa damu au huanguka. Huko ndiko watu hufia. Kuchua kunaweza kulisukuma lile donge. Kuumika ni katika tiba alizozisifu Mtume (s.a.w.), nami huumikwa, lakini si kila mguu uliovimba ni wa kuchanjwa, na mtu aliye kwenye dawa za kuzuia damu kuganda akichanjwa damu yake hukawia kusimama.

Nina sababu yangu ya kuharakisha. Miaka ya nyuma alinijia mzee mmoja, mguu umevimba hivyo hivyo upande mmoja. Nikamsomea ruqya, nikampa Zamzam, nikamwambia arudi Ijumaa. Alhamisi tulimswalia. Kilichomuua sikukijua, wala sikuuliza, na hilo la kutouliza ndilo linaloniuma. Abu Daud amepokea kwa Jabir habari ya mtu aliyepasuka kichwa safarini, akaota akapata janaba, wenzake wakamwambia hana ruhusa ya kutayamamu. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari alisema: “Wamemuua! Kwa nini hawakuuliza ikiwa hawajui? Hakika dawa ya asiyejua ni kuuliza.” Waliokemewa pale ni watoa fatwa. Marehemu hakulaumiwa.

Siku ya pili ikaja meseji kutoka wodini. Kipimo cha ultrasaundi kimeonyesha damu imeganda kwenye mshipa, ameanzishiwa sindano ya kuzuia damu kuganda, na mgonjwa wa kitanda cha pili amemwambia dawa hiyo imetoka kwa nguruwe. Basi amekataa ya jioni.

Nilimjibu: pokea sindano, kisha soma haya mengine. Yule mgonjwa hakusema uongo. Heparini, na enoksaparini inayotokana nayo, kwa kawaida hutengenezwa kwa utando wa utumbo wa nguruwe. Wako wanazuoni wanaosema kitu kikishageuzwa dhati yake viwandani hukumu yake nayo hugeuka, kama divai iliyokuwa siki. Wengine hawakubali kwamba heparini imegeuka kiasi hicho. Mimi sihitaji kuamua ugomvi huo ili dada huyu achomwe sindano, kwa sababu Suratul An'am aya ya 119 imevitoa katika haramu vile tunavyolazimika kwavyo, na donge linaloweza kupanda mapafuni ni dharura isiyo na shaka. Muulize daktari kama ipo badala yake: fondaparinuksi hutengenezwa maabara, na viko vidonge visivyotokana na mnyama huyo. Ikiwepo na ikikufaa, ihamie. Isipokuwepo, huna dhambi. Warfarini, kidonge cha kazi hiyo hiyo, nayo si ya nguruwe, lakini huchukua siku kadhaa kushika, ndiyo maana huanza pamoja na sindano. Dawa hizi kwa kawaida hutumiwa miezi mitatu au zaidi, kwa hiyo usiziache kwa kuwa uvimbe umeshuka.

Sasa upasuaji wenyewe. Sitakuficha. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Ibn Mas'ud laana juu ya wanaochonga meno kwa ajili ya uzuri, wanaobadilisha maumbile ya Allah. Sahaba Arfaja naye alikatwa pua vitani, akatengeneza ya fedha ikatoa harufu mbaya, Mtume (s.a.w.) akamwamuru atumie ya dhahabu. Kurudisha kilichoharibika ni mlango mmoja, kutafuta urembo ni mwingine, na tumbo lililoachana misuli kwa uzazi huenda likaingia mlango wa kwanza. Kuhusu kunyonywa mafuta, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha 18 kule Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu pale uzito umekuwa maradhi, hakuna njia nyingine, na pana usalama wa madhara. Wewe umesema hukuwa mgonjwa. Basi naona ulikosea, na toba yake ni kujuta na kuazimia kutorudia. Hulazimiki kurudi kwa daktari akurudishie tumbo la zamani!

Kwamba uvimbe huu ni adhabu, nani amekufunulia? Ninachokijua ni hadithi ya Bukhari na Muslim kwamba Muislamu hapatwi na tabu wala maradhi, hata mwiba unaomchoma, ila Allah humfutia kwayo makosa yake. Anayekaa nyumbani na mguu unaovimba ili “alipe” anaingia katika katazo la Suratul Baqara aya ya 195: “Wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo.” Kosa la kwanza lilikuwa la urembo. Hili lingekuwa la roho.

Haya zako nazielewa. Dini imetuamrisha tusitangaze makosa yetu, lakini kumweleza daktari ulichofanyiwa si kutangaza. Majirani hawana haki ya habari hii. Mume anayo, na ni afadhali aisikie kwako kuliko aisikie kwa shemeji. Mpigie ukiwa umetulia.

Katika meseji ya wodini uliuliza pia swala, kwa kuwa umevaa mkanda wa kubana na tumbo lina mishono. Unapotawadha mkanda haukusumbui, tumbo si kiungo cha udhu. Ukilazimika kuoga janaba, osha panapooshwa na upanguse juu ya bendeji. Kusujudu kukivuta mishono, swali umekaa na uinamishe kichwa. Sahaba Imran bin Huswain alikuwa na bawasiri, akaambiwa na Mtume (s.a.w.): simama, usipoweza kaa, usipoweza kwa ubavu. Kibla chetu hapa Kisumu ni kaskazini, kwa kuegemea mashariki kidogo. Mwombe nesi akuonyeshe ziwa liko wapi, uliweke mkono wa kushoto. Kitanda kisipogeuka, swali ulivyo.