Maswali na Majibu: Springi za Lori na Lami

Lori langu limepita mzani salama. Kwa nini naambiwa linaharibu barabara?

Mzani hupima lori likiwa limesimama au linatambaa. Likikimbia, ekseli ya tani 10 hudunda, na ikitua kwa nguvu ya tani 12, lami inabeba 12. Majaribio ya AASHO (chama cha maofisa wa barabara kuu za majimbo) huko Illinois, Marekani, 1958 hadi 1960, yalionyesha kuwa uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito: uzito ukiwa mara 1.2, uharibifu ni 1.2 × 1.2 × 1.2 × 1.2. Kwa hiyo tani hizo 2 huuzidisha maradufu.

Kwetu mashimo hufuatana kwa umbali unaokaribia kulingana. Ni ujenzi mbovu?

Si lazima. Lori lenye springi ngumu za majani (vyuma bapa vilivyopangwa kwa tabaka) hudunda karibu mara 3 kwa sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kila mdundo huchukua mita 7 na kitu. Kiungo cha daraja kilichoinuka huuanzisha, na malori yanayofanana springi na mwendo hutua karibu palepale. Ukiziba mashimo bila kusawazisha kiungo hicho, yatarudi.

Springi za upepo ni bora kuliko za majani?

Ndiyo, ila shokapu, vifaa vinavyotuliza mdundo, ziwe nzima. Majani husuguana, na msuguano huo hupunguza mdundo kidogo. Puto la upepo, linalobeba lori badala ya majani, halina msuguano wa maana, hivyo shokapu zikifa lori hilo laweza kuumiza lami kuliko la majani. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinalijua hili: mfumo unaotaka kuhesabiwa sawa na wa upepo usidunde zaidi ya mara 2 kwa sekunde, na angalau nusu ya kazi ya kutuliza mdundo ifanywe na shokapu. Wanunuzi wengi huuliza habari za puto tu.

Nitajuaje shokapu imekufa?

Ukitoka barabara mbovu, egesha, weka kabari, kisha sogeza kiganja karibu na kila shokapu. Usishike, huweza kuunguza. Iliyo baridi wakati wenzake wana moto haifanyi kazi. Angalia pia mafuta yanayochuruzika, bushi zilizolika na tairi lililolika mabonde-mabonde. Badilisha zote mbili za ekseli hiyo. Usiingie chini ya lori la upepo bila stendi: puto likipasuka, chasi hushuka ghafla.

Niongeze jani moja la springi ili nibebe zaidi?

Hapana. Springi inakuwa ngumu zaidi, na uwezo wa ekseli, breki na tairi unabaki uleule.