Usisubiri Jumatatu, mpeleke mama sasa hivi

Mleta uzi, umeandika kwamba mama yako huko Masasi, miaka 61, mwenye kisukari, tangu jana jioni kifua kinambana, kijasho chembamba kinamtoka, ana kichefuchefu na bega la kushoto linamuuma. Muuza dawa kasema ni gesi, mmenunua dawa, mnasubiri Jumatatu ndipo mumpeleke hospitali. Halafu unauliza kitunguu saumu kinasaidiaje, ale nini, mazoezi yapi yanamfaa. Tafuta gari kwanza. Haya mengine utayasoma mkiwa njiani.

Hilo neno "kasema ni gesi" nalijua vizuri. Ilikuwa Tandahimba, msimu wa korosho wa 2021. Saa tisa usiku baba aliamka, akakaa kitandani ameshika kifua kwa kiganja kizima. Akasema anahisi kama amelaliwa na gunia la korosho, lile la kilo 80. Nikampa soda, akacheua, tukafurahi. Kulipokucha nikaenda naye duka la dawa, tena kwa miguu, kwenye mchanga ule wa kwetu. Kijana wa pale akambonyeza juu ya kitovu kwa vidole viwili, akasema, "Mzee, gesi imepanda. Jana mmekula muhogo?" Nani huku hajala muhogo? Mashine ya presha ilikuwa rafuni nyuma yake, ndani ya boksi, na haikutoka. Akatupa dawa ya vidonda vya tumbo na vidonge vyeupe vya kutafuna. Angesema "mimi sijui, nendeni hospitali," leo ningekuwa namwombea dua. Ila alisema kwa uhakika, na uhakika wake ndio uliotukalisha nyumbani siku nzima. Wauza dawa mtakaokasirika humu, kasirikeni, nitawatumia korosho za kukaanga tuyamalize, lakini mtu aliyeshika kifua na kutoka jasho msimuuzie dawa ya tumbo.

Mchana maumivu yakapungua. Hapo ndipo nilipokosea kuliko pote. Baba akasema yuko sawa, anataka kwenda kusikia bei ya mnada, nami nikamwacha aende. Saa kumi na moja jioni majirani walimrudisha wamemshika huku na huku, midomo imepauka, anapumua kama aliyekimbizwa. Tulifika hospitali Mtwara mjini saa tatu usiku.

Daktari akambandika kifuani nyaya za ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ikatoka ile karatasi ya viboksi vya waridi. Akaitazama, akauliza, "Yalianza saa ngapi?" Nikasema saa tisa. "Ya alasiri?" Nikamwambia, ya usiku. Alikuwa ameshika kalamu. Akailaza mezani.

Alinieleza taratibu. Mshipa unaoupelekea moyo damu ulizibwa na bonge la damu, na nyama ya moyo ikikosa damu inakufa kidogo kidogo, na ikishakufa haioti tena. Ipo dawa ya kuyeyusha lile bonge, lakini nguvu yake iko kwenye saa za mwanzo, na zikishapita 12 kwa kawaida hawaitoi tena. Sisi tulifika na saa 18. Baba yu hai, namshukuru Mungu. Ila analala ameegemea mito mitatu, maana akilala chali pumzi inakata. Miguu inavimba, kila asubuhi anameza kidonge cha kukojoza maji. Mikorosho yake iko nyuma ya nyumba tu, na sasa tunamsimulia ilivyozaa.

Kwa hiyo shika hili: kifua kikibana zaidi ya dakika 15, usiende duka la dawa, nenda penye ECG. Kikiachia, nenda vilevile. Kikija na jasho au pumzi kukata, hata hizo dakika usizihesabu. Na mama mwenye kisukari ndiyo zaidi, kwa sababu sukari inaharibu mishipa ya fahamu, anaweza kusikia uzito tu au uchovu na kichefuchefu huku moyo unakufa. Usimpime kwa ukubwa wa kilio chake.

Asitembee kwenda stendi, wala msimpakize bodaboda. Mkalisheni ameegemea, nguo zilegezwe. Kama aspirini haimdhuru na hana historia ya kutapika au kunya damu, atafune miligramu 300, atafune kabisa, asimeze nzima. Gari likiwa linatembea, mtu mwingine apige simu kuuliza ECG iko wapi na inafanya kazi. Mkielekea Mtwara mtapita hospitali za Ndanda na Nyangao, na Mtwara kwenyewe kuna hospitali ya Ligula na ile ya Kanda ya Kusini, Mitengo. ECG ya kwanza ikisomeka safi msikubali kurudi nyumbani haraka, ulizeni kurudiwa na kipimo cha damu cha troponini, protini inayovuja nyama ya moyo ikiumia, maana hiyo hupanda baada ya saa kadhaa. Wakiona anahitaji kuzibuliwa mshipa, watawaambia habari ya rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar.

Akizimia njiani na hapumui kawaida, simamisheni gari, mlazeni chali chini pagumu, bonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu, kishuke kama sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana.

Kuhusu chakula, apunguze chumvi, na vidonge vya presha asiache eti kwa kuwa anajisikia vizuri. Baba aliviacha hivyohivyo, miezi minne kabla, naye alikuwa anajisikia vizuri kweli.

Umeandika uzi huu saa mbili na dakika kumi, sasa inaelekea saa tatu. Jibu hapa mkishaingia kwenye gari, neno moja tu linatosha.