Benki imeshathamini, mpima wa nini tena?

Msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, benki imeshamleta mthamini na nyumba imepita. Dalali anasema kumlipa na mpima ardhi ni kutupa hela. Nifanyeje?"

Nimecheka peke yangu. Maneno hayo nilipigiwa mimi kila asubuhi nilipokuwa natafuta nyumba Kinyerezi, Dar es Salaam.

Mthamini ana swali lake moja: mkopo ukikwama, nyumba hii itauzika kwa kiasi gani? Anapiga picha, anahesabu vyumba, anaulizia bei za mtaani, anaondoka. Dari hapandi, bikoni (yale mawe ya mipaka ya kiwanja) hafukui. Gharama utalipa wewe, lakini anayefanyiwa kazi ni benki.

Nyumba niliyoitaka ilikuwa na vyumba vinne na paa la kuficha, na hati ipo. Sachi ya ardhi, yaani upekuzi wa kumbukumbu za umiliki, ikatoka safi: jina ni la muuzaji, hakuna rehani wala zuio. Nikasema mpima aje kwanza. Basi nikawa mbaya. Dalali akaniita mbahili, shemeji yangu akasema mbele ya watu najifanya msomi. Hilo la shemeji sijalisahau.

Mpima akaja na nakala ya ramani ya upimaji, ile yenye namba za bikoni na viwianishi vyake, na mashine ya GPS juu ya fimbo. Bikoni tatu zikakaa sawa. Ya nne ilikuwa nje kabisa ya ukuta wa nyuma: zege jipya jeupe, halina namba. Mashine ikaturudisha ndani ya geti mpaka nyuma ya jiko. Tukafukua chini ya migomba, tukakuta chuma kwenye zege kuukuu na namba ile ile ya kwenye ramani. Maana yake ukuta wa nyuma, tenki la maji na karo la choo vyote vilikuwa vimekaa kwenye barabara ya mtaa. Muuzaji akanyamaza. Dalali akapata simu ya ghafla.

Sachi isingeliona hilo. Sachi inakwambia kiwanja ni cha nani, haikwambii ukuta umesimama wapi. Waliobomolewa Kimara mwaka 2017 kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro wanajua kwamba greda halisomi mkataba wako na muuzaji. Nikajitoa, na baadaye nikanunua nyingine, ndogo zaidi, yenye bikoni zote nne mahali pake.

Kwa hiyo chagua mtaalamu kwa swali ulilonalo. La mipaka ni la mpima ardhi aliyesajiliwa, umtafute mwenyewe, usiletewe na dalali. La nyumba yenyewe ni la mhandisi, au fundi mzoefu asiyejuana na muuzaji. Nyufa nyembamba za plasta zisikutishe. Ogopa ule unaoanzia kona ya dirisha ukashuka mshazari na kutokea upande wa pili wa ukuta. Rangi mpya chini tu ya ukuta, ulizia chumvi inayopanda na unyevu. Paa la kuficha lipandwe likaguliwe gata, maana maji yakituama pale yanaingia taratibu mpaka dari ioze. Ukiweza, nenda masika mvua ikiwa imetoka kunyesha.

Kama eneo halijapimwa, habari ni nyingine, kwa sababu hakuna ramani ya kuhakiki. Nenda halmashauri uangalie mchoro wa mipango miji, usije ukanunua uwanja wa shule. Kisha majirani wote waje waoneshe mipaka mbele ya serikali ya mtaa. Karibu na mto au bahari kumbuka zile mita 60 ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani yake.

Ndugu zangu, tunalipa mamilioni kwa haraka halafu tunaonea uchungu hela ya mpima. Tuache hiyo tabia. Na tuache kuwacheka wanaouliza.

Dada yangu, jibu lako ni hili: usitoe hata arubuni. Mwambie dalali mpima anakuja na ramani, na unataka muuzaji awepo aoneshe bikoni kwa mkono wake. Akikwambia muuzaji amesafiri na funguo, mpigie muuzaji mwenyewe.