Kuonekana kazini bila kujipendekeza
Dadangu, umeuliza bosi atakuonaje bila ya kujipendekeza, nawe ni karani tu wa klearingi (kutoa mizigo bandarini) hapa Kilindini, Mombasa. Nilianzia hapohapo. Shika jambo moja linalowasumbua wote, ulijue kuliko wote. Langu lilikuwa demareji, ile tozo ya kontena iliyopitisha siku zake za bure: kila asubuhi naandika daftarini kontena ipi imebakisha siku ngapi za bure kabla kampuni ya meli haijaanza kutoza, kisha namtumia meneja hajauliza. Baada ya miezi mitatu, mkutano hauanzi bila mimi. Ila tuma kwa baruapepe, tarehe ionekane. Kuna wenzako watakaoipeleka kazi yako kama yao (yalinikuta, wacha tu). Siku ya kuomba cheo, nenda na daftari. Na Kimvita chako usikifiche, wateja wa hapa wanakipenda.